Chupa, gorogoro au pakiti ya maziwa? Vyombo vya kuoteshea miche msimu wa baridi

MVUA ya masika inapokatika na ukungu wa Juni kutanda Limuru, Kinangop na Nyahururu, wakulima wengi hukunja mikono wakingoja jua lirudi. Wanaolenga mvua ya vuli hawana nafasi hiyo. Kabichi itakayoatikwa katikati ya Oktoba haina budi kusiwa mwishoni mwa Agosti, kitunguu mapema zaidi, na mgrevilea utakaopandwa wakati huo huo unapaswa kuwa umekwisha kuota tangu Juni. Kazi ya kitaluni, basi, huangukia miezi ile ile ambayo baridi ni kali na jua ni haba.

Kwa mwenye ekari mbili tatu, na hata kwa mkazi wa mjini mwenye kiambaza kimoja tu cha kuegemeza miche, chombo cha kuoteshea si lazima kinunuliwe. Kila nyumba hutupa pakiti za maziwa, chupa za soda, mikebe ya mafuta ya kupikia na mitungi iliyopasuka. Vyote hivi vinaweza kubeba udongo na mbegu. Hata hivyo, chombo cha bure kina gharama yake kikichaguliwa ovyo. Mti uliolelewa katika mkebe mfupi unaweza kunawiri kwa miaka mitatu, kisha ukayumba na kung'oka kwa upepo kwa sababu mizizi yake ilijiviringa tangu utotoni. Mche wa nyanya uliosiwa katika mtungi uliowahi kuhifadhi dawa ya kuua magugu hujikunja kabla hata ya kutoa jani la tatu.

Desturi yenyewe si ngeni. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka wa 1977, alisimulia katika kumbukumbu zake, Unbowed, zilizochapishwa mwaka wa 2006, jinsi akina mama wa vijijini walivyotumia vyungu vilivyovunjika kuoteshea miche na kuviweka mahali pa juu ili mifugo isivifikie. Wakati huo uchaguzi ulikuwa mwepesi, maana taka za nyumbani zilikuwa chache na aghalabu zilikuwa za udongo, mti au bati. Siku hizi jaa la nyumba moja lina plastiki za aina tano au sita, na kila moja ina tabia yake juani na majini.

MUDA NA KINA

Kabla ya kuokota chombo chochote, mkulima anapaswa kujua mche utaishi humo kwa muda gani, na mzizi wake unakwenda kina gani.

Kabichi, sukumawiki, spinachi na nyanya hukaa kitaluni kati ya wiki nne na sita, ingawa baridi huweza kuongeza wiki moja au mbili. Miche hii hutosheka na udongo wa kina cha sentimita sita hadi nane. Kwa hiyo karai kuukuu, mtungi uliokatwa ubavuni, kikombe cha maziwa ya mgando au hata sanduku la mbao la matunda hufaa. Kitunguu hukaa karibu miezi miwili lakini mizizi yake ni mifupi, hivyo hakihitaji kina zaidi ya hicho.

Miti ni habari nyingine. Mgrevilea hukaa miezi minne hadi sita kabla ya kuwa tayari, na unahitaji angalau kina cha sentimita 15. Mparachichi na mmakadamia, ambayo husubiri shina linenepe kiasi cha penseli ndipo ipandikizwe kikonyo, hukaa karibu mwaka mzima au zaidi. Miti hii ina mzizi mkuu unaoshuka moja kwa moja kama msumari. Ikiwekwa katika chombo kisichofika sentimita 25, mzizi huo hugonga sakafu, hugeuka na kuanza kuzunguka.

Madhara ya mzunguko huo hayaonekani upesi, na ndiyo maana wengi hawayaogopi. Jani huwa la kijani, shina hurefuka, na mnunuzi wa miche huridhika. Mti ukishapandwa, mizizi iliyojiviringa haijinyooshi. Huendelea kunenepa katika umbo lile lile la pete hadi ijikabe yenyewe. Kufikia mwaka wa tatu au wa nne, wakati ambapo mwenye shamba anatarajia tunda la kwanza, mti hudumaa, hukauka au huanguka. Hasara yake si bei ya mche. Ni miaka minne ya kumwagilia, kupalilia na kusubiri.

Umbo la chombo lina sehemu kubwa katika jambo hili. Chombo cha mviringo chenye kuta laini, kama mkebe wa mafuta ya kupikia, huuongoza mzizi uzunguke. Chombo chenye pembe nne au chenye mifereji ya wima huuzuia na kuuelekeza chini. Ndiyo sababu pakiti ya boksi ya maziwa au sharubati, yenye pembe nne na kitako kilichofunguliwa, hufaa miche ya miti kuliko mkebe wa mviringo wa ujazo sawa.

Chupa ya soda ya lita mbili nayo ni hazina isiyothaminiwa. Ikikatwa kitako na kugeuzwa ili shingo iangalie chini, bila kifuniko, hutoa kina cha zaidi ya sentimita 20. Mizizi huteremka hadi shingoni, na inapochungulia nje hukutana na hewa kavu, ncha zake hufa, na mche hulazimika kutoa mizizi mingine ya pembeni. Wenye vitalu vikubwa hununua trei maalumu zinazofanya kazi iyo hiyo. Sharti ni kwamba chupa hizo ziinuliwe juu ya fito, waya au kreti ya soda. Zikisimamishwa ardhini mizizi itapenya udongo wa chini, na siku ya kung'oa itakatika.

BARIDI NA MAJI

Baridi haiui mbegu nyingi za mboga. Inazichelewesha, na kucheleweshwa ndiko kunakoleta maradhi.

Mbegu ya nyanya huchukua siku sita hivi kuchipuka udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 za Selsiasi. Joto likishuka hadi nyuzi 15 husubiri wiki mbili, na kwenye nyuzi 10 inaweza kupita mwezi. Pilipili hoho ni legevu zaidi: siku nane kwa nyuzi 25, lakini siku 25 kwa nyuzi 15. Kabichi na kitunguu huvumilia. Kwa nyuzi hizo 15 kabichi huchipuka baada ya siku tisa hivi na kitunguu baada ya wiki moja. Nairobi yenyewe, alfajiri za Julai, kipimajoto hushuka hadi nyuzi 11 au 12 kwa kawaida, na katika nyanda za juu kama Kinangop hali huwa kali zaidi, kiasi kwamba usiku usio na mawingu unaweza kuleta sakitu, ule umande unaoganda ukachoma majani.

Kutokana na takwimu hizo, ni wazi kwamba mkulima wa kabichi hana haja ya kuhangaika na rangi wala kifuniko cha chombo. Wa nyanya na pilipili anayo.

Chombo cheusi hunasa joto la jua dogo linalojitokeza mchana na kuupasha udongo. Kwa sababu hiyo ndoo nyeusi iliyokatwa au mfuko mweusi wa kitaluni huwa bora Limuru. Chombo hicho hicho kikipelekwa Makueni au Kilifi huchoma mizizi, na huko rangi nyeupe ndiyo ifaayo. Chombo cha bati hupata joto haraka na kulipoteza haraka, hivyo usiku wa baridi mizizi iliyogusa ukuta wake hupata shida. Lililo bora kabisa kwa kuhifadhi joto ni lile boksi jeupe jepesi la povu linalosafirishiwa samaki au dawa. Ni dhaifu, huvunjika likibebwa vibaya, lakini udongo uliomo hubaki na joto la mchana hadi usiku wa manane. Mkulima akilipata kwa mchuuzi wa samaki, alioshe vizuri na kulitoboa. Hatapata kingine cha kulishinda katika miezi hiyo.

Chupa angavu ina kazi mbili. Nusu ya juu, ikifunikwa juu ya chombo kilichosiwa mbegu, hugeuka kuwa kibanda kidogo cha kioo: huzuia upepo, hutunza unyevu na kuongeza joto. Kifuniko cha shingo kiondolewe ili mvuke upate njia. Jua la Ikweta halina utani, hata mwezi wa Julai. Likichomoza ghafla saa sita mchana, hewa iliyofungiwa humo inaweza kuiva mche kabla ya mwenyewe kurudi kutoka sokoni. Nusu ya chini, ikitumiwa kama chungu, ina kasoro moja. Mizizi haipendi mwanga, na udongo unaoonekana kupitia ukuta angavu huota ukoga wa kijani. Dawa yake ni kuupaka ukuta tope au kuufunga kwa karatasi.

Kuhusu maji, kosa linalorudiwa mno ni kutoboa tundu moja katikati ya kitako na kudhani limetosha. Chombo cha nusu lita kinahitaji matundu sita hadi manane, kila moja la upana wa penseli nyembamba, na baadhi yawe kwenye ukingo ambapo ukuta na kitako hukutana, kwa kuwa chombo kikikaa juu ya ardhi tambarare tundu la katikati huzibika. Kosa la pili limerithiwa kutoka kizazi hadi kizazi: kuweka kokoto chini ya udongo ili maji yapite. Kokoto hazisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini hadi kwenye mawe. Husita juu yake, na tabaka lililolowa huwa limesogezwa karibu zaidi na mizizi. Kama ni chombo kifupi, kokoto humpunguzia mche hata ule udongo kidogo alioandaliwa. Heri mkulima achanganye mchanga na udongo wote, kwa mfano makarai matatu ya udongo wa juu, mawili ya samadi iliyooza na moja la mchanga.

Unyevu wa kupita kiasi pamoja na baridi ndio mlango wa kinyausi, ugonjwa unaolaza miche kana kwamba imekatwa kwa uzi usawa wa udongo. Vimelea vyake ni vya jamii ya kuvu na vijidudu vinavyofanana nayo, navyo hujificha katika udongo mkuukuu uliokauka kwenye kuta za vyombo vilivyotumika mwaka uliotangulia. Kwa hivyo chombo, kiwe cha jaa au cha dukani, kioshwe kwa sabuni, kisha kiloweshwe dakika kumi katika maji yenye dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, na kusuuzwa. Mikebe na mitungi ya mafuta ya kupikia ianze na maji moto. Utando wa mafuta ukisalia, maji yatateleza kando ya udongo bila kuulowesha.

VINAVYOPATIKANA, NA HULKA ZAO

Pakiti laini ya maziwa ya nusu lita ndiyo maarufu zaidi, na inastahili sifa zake kwa mboga na kwa miti inayokaa muda mfupi. Ni rahisi kuitoboa, husimama vizuri ikipangwa pamoja na wenzake, na siku ya kuatika hupasuliwa kwa wembe bila kusumbua mizizi. Haina kina cha kutosha kwa mparachichi, na aliyezoea kuitumia kwa miparachichi anapaswa kuacha.

Pakiti za maziwa yanayokaa muda mrefu, ziwe za boksi au za mto, huwapotosha wengi. Kwa kuwa nje ni karatasi, mtu hudhani zitaoza ardhini, hivyo akazika mche pamoja na pakiti yake. Ndani ya karatasi hiyo mna utando wa plastiki na alumini. Haviozi. Mche hubaki umefungwa gerezani chini ya ardhi.

Gorogoro, yaani ule mkebe wa kupimia mahindi, pamoja na mikebe mingine ya bati ya ukubwa huo, ina kina kizuri na hudumu misimu miwili au mitatu kabla ya kutu kuila. Kingo zake zikunjwe kwa nyundo, maana mikono mingi ya watoto imechanwa nazo. Tatizo ni kumtoa mche humo. Mkulima mwerevu hukata kitako chote, akakiweka kama sahani, na siku ya kupanda husukuma bonge la udongo kutoka chini.

Mikebe na vikombe vya plastiki hubeba alama ya pembetatu yenye nambari chini ya kitako. Nambari 1 ni chupa za maji na soda. Nambari 2 ni plastiki ngumu ya mitungi, ambayo ni imara. Nambari 5 ni ile ya mikebe mingi ya siagi na maziwa ya mgando. Hufaa msimu mmoja, lakini ikiachwa juani miezi kadhaa huwa kavu na kuvunjika vipande vipande ambavyo kuviokota shambani ni adhabu. Nambari 6 ikiwa ngumu hupasuka ovyo, na ikiwa povu ndilo lile boksi lililotajwa. Nambari 3 ni ya mabomba na si ya kutumia, na katu isitobolewe kwa msumari wa moto kwa sababu moshi wake ni sumu.

Trei ya mayai iliyotengenezwa kwa karatasi hupendwa kwa sababu ina vyumba vilivyo tayari. Wakati wa kiangazi hunyonya maji na kuuacha udongo mkavu. Wakati wa baridi hulowa na kuota ukungu. Kina chake ni kidogo. Afadhali itumike kuchipushia mbegu kwa siku kumi au wiki mbili, kisha miche ihamishwe. Maganda ya mayai yenyewe hupendeza pichani. Mche hupata vijiko viwili vya udongo, na hapo ndipo faida yake inapokomea.

Gazeti lililokwisha kusomwa lina matumizi bora zaidi ya kufungia nyama. Likiviringishwa mara mbili au tatu kuizunguka chupa, likakunjwa chini na chupa ikachomolewa, huwa chungu kinachodumu wiki nne hadi sita na kuzikwa pamoja na mche. Karatasi ya kung'aa ya majarida haifai. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukingo wa karatasi usiachwe nje ya ardhi, kwa sababu utavuta maji kutoka mizizini kama utambi wa taa.

Maganda ya mgomba, yale yanayobanduka kwenye shina, yalitumika kabla ya plastiki kufika na hayajapitwa na wakati. Yakikatwa vipande vya upana wa kiganja, yakapishanishwa na kufungwa kwa kamba ya mgomba huo huo, hubeba mche kwa miezi miwili au mitatu. Mwanzi nao, ukikatwa pingili pingili na kupasuliwa kabla ya kujazwa kisha ukafungwa tena, hutoa chombo kirefu kinachofunguka kama kitabu siku ya kupanda. Kifuu cha nazi ni kizuri kwa maua ya Pwani, lakini kwa mti ni kifupi na kigumu mno.

VYA KUEPUKWA KABISA

Chombo kilichowahi kubeba dawa ya kuua wadudu, kuvu au magugu hakifai kuoteshea chochote, hata kioshwe mara ngapi. Maelezo ya kuosha mara tatu yanayoandikwa kwenye lebo yamekusudiwa kumwezesha mkulima kumimina mabaki kwenye bomba la kunyunyizia, kisha akitoboe chombo hicho ili mtu mwingine asikitumie. Hayamaanishi kwamba chombo kimekuwa salama. Plastiki hunyonya kiasi cha dawa na kukitoa pole pole. Dawa za magugu za aina ya homoni huhitaji kiasi kidogo sana kuharibu mche wa nyanya au maharagwe, na mboga inayoliwa ikiwa changa inaweza kumfikishia mlaji yale yaliyokuwa chomboni.

Tahadhari hiyo ni muhimu hasa kwa mitungi ya lita 20 inayouzwa mitumba. Nje inafanana, iwe ilibeba mafuta ya kupikia, asidi, sabuni ya kiwandani au kemikali ya maua. Mnunuzi anapaswa kuuliza ilikotoka, kunusa, na kutafuta mabaki ya lebo. Muuzaji asiyejua jibu asiungwe mkono na mtu mwenye nia ya kulima chakula. Mikebe ya rangi ya nyumba, mikebe ya oili ya magari, makasha ya betri na mbao zilizotiwa dawa ya mchwa ziko katika kundi lilo hilo.

FUNZO LA NCHI ZA THELUJI

Huko Marekani na Kanada, watunza bustani wengi husia mbegu nje katikati ya kipupwe katika galoni za plastiki za maziwa. Galoni hukatwa kiunoni ila sehemu ndogo iachwe kama bawaba, hutobolewa chini, hujazwa udongo wa kina cha sentimita nane au kumi, kisha hufungwa tena kwa utepe na kuachwa thelujini bila kifuniko cha shingo. Mbegu huganda, huyeyuka, huganda tena, na kuchipuka zenyewe joto linaporudi. Video za njia hiyo zimewafikia wakulima wa Kenya kupitia simu, na wapo wanaoiga kila hatua.

Chombo chao ni kizuri na kinaweza kuigwa, mathalani kwa kutumia mtungi wa lita tano wa maji ya kunywa. Sababu yao, hata hivyo, si ya huku. Mbegu nyingi za maua na miti ya nchi zile zina usingizi ambao hauvunjwi ila kwa wiki nyingi za baridi na unyevu. Nyanya, pilipili, sukumawiki na mgrevilea hazina usingizi huo. Kuziacha zipigwe na baridi hakuzifaidi kitu. Kifuniko kinachotumiwa Nyahururu ni cha kulinda joto la mchana, si cha kusubiri theluji iyeyuke. Mojawapo ya mimea michache ya nyanda za juu inayohitaji baridi ya namna ile ni tufaha likioteshwa kwa mbegu ili kupata shina la kupandikizia. Hata hilo halitoshelezwi na Julai ya Limuru; mbegu zake huwekwa katika mchanga wenye unyevu ndani ya friji, karibu na nyuzi 4, kwa wiki nyingi kabla ya kusiwa.

Linalofaa zaidi ni kuchagua mahali. Hewa baridi hutiririka kama maji na kutuama bondeni, kwa hiyo vyombo visiwekwe sehemu ya chini kabisa ya shamba. Viegemezwe ukuta wa mawe unaopata jua la asubuhi, chini ya ukingo wa paa, vikiwa vimebanana ili kila kimoja kimkinge mwenzake. Jioni yenye anga safi bila wingu, vifunikwe kwa gunia, na gunia liondolewe kabla ya saa tatu asubuhi.

SIKU YA KUPANDA

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza kutekelezwa Agosti 28, 2017, iliondoa sokoni mifuko ambayo wengi waliitumia kitaluni, na ndipo pakiti za maziwa na chupa zilipopanda thamani. Anayekiuka sheria hiyo anakabiliwa na faini ya kati ya Sh2 milioni na Sh4 milioni, au kifungo. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, zimepigwa marufuku pia katika maeneo yaliyohifadhiwa kama vile mbuga, fuo na misitu. Kikundi kinachopanga kupanda miti ndani ya msitu wa serikali, kikiwa na miche iliyooteshwa katika chupa, hakina budi kuzungumza na wasimamizi wa msitu mapema, au kitumie vyombo vya mgomba na karatasi.

Serikali imelenga kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na Novemba 13, 2023 ilitangazwa sikukuu ya kitaifa ili wananchi wapande miche. Katika shughuli za umati kama hizo mambo huharakishwa, na ni rahisi mche kutumbukizwa shimoni pamoja na pakiti yake. Njia ya kuepuka aibu hiyo ni hesabu: kila anayepewa miche 20 arudishe vyombo 20 kabla ya kuondoka.

Kabla ya mche kuingia shimoni, bonge la udongo likaguliwe. Mizizi myembamba iliyoanza kuzunguka pembezoni ikatwe kwa kisu kikali, mikato mitatu au minne ya wima kutoka juu hadi chini, na ule uliojikunja kitakoni uondolewe. Mche wenye mzizi mkuu mnene uliokwisha kujiviringa usipandwe. Nafasi yake ipewe mwingine.

Vyombo vilivyorudi vikung'utwe udongo siku hiyo hiyo ungali unyevu, vioshwe na kuhifadhiwa gizani, chini ya kitanda au ghalani. Plastiki iliyolindwa dhidi ya jua kati ya msimu na msimu hutumika tena Juni ifuatayo, na zile zilizoanza kukwaruza na kumeguka ziuziwe wakusanyaji chupa na mitungi kikuukuu.